Erthi na Kinga ya Radi katika Vituo vya Redio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mafundi na wasimamizi wa vituo vya redio, hasa redio za jamii zenye mnara mmoja, chumba kimoja cha mitambo na studio iliyo jirani. Mafundi wetu wengi husema "erthi" wanapotaja nyaya na fimbo zinazounganisha vifaa na ardhi, na neno hilo ndilo linalotumika hapa. Transmita ni mtambo wa kurushia matangazo, na mikisa ni meza ya kuchanganyia sauti studioni.

Kwa nini suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Maziwa Makuu?

Kwa sababu ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Watafiti waliochambua takwimu za TRMM, setelaiti ya kupima mvua za tropiki, za mwaka 1998 hadi 2013 walichapisha mwaka 2016 orodha ya maeneo yenye mimweko mingi. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza, likafuatwa na Kabare katika Kivu ya Kusini, lenye mimweko takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, kisha Kampene katika Maniema, lenye takriban 177. Ikumbukwe kwamba setelaiti huhesabu pia mimweko inayobaki mawinguni bila kufika ardhini.

Ziwa Viktoria lina tabia yake. Usiku, upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za ziwa na kukutana juu ya maji yenye joto, na hapo mawingu ya radi hukua hadi alfajiri. Kwa kituo kilicho Bukoba, Mwanza au Kisumu, maana yake ni kwamba radi inaweza kupiga saa ambayo fundi amelala na mitambo iko hewani, kwa hiyo kinga inayotegemea mtu kukimbia kuchomoa waya haitoshi.

Je, ni kweli kwamba mnara unavuta radi?

Mnara hauiti wingu kutoka mbali, lakini wingu likishafika, mnara ndio utakaopigwa kabla ya vitu vilivyo chini yake. Wahandisi hukadiria kwamba kitu kirefu hukusanya radi za duara lenye nusu kipenyo mara tatu ya urefu wake. Mnara wa mita 60 una duara la nusu kipenyo cha mita 180, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya kilomita ya mraba. Ikiwa eneo hilo hupata radi 10 zinazofika ardhini kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, mnara utapigwa wastani wa mara moja kila mwaka. Anayejenga mnara juu ya kilima katika ukanda huu na ahesabu kwamba utapigwa, tena si mara moja katika uhai wake.

Majirani huuliza swali hili kwa hofu, na wanastahili jibu la kweli. Mnara hausambazi radi kwenye nyumba zao. Hatari iliyopo ni kwa mtu au mnyama aliye karibu kabisa na mnara wakati unapopigwa, kwa sababu volteji ya ardhi hupungua kwa kasi kadiri unavyoondoka kwenye nguzo, na miguu miwili iliyotanuka hukanyaga volteji mbili tofauti. Ng'ombe hufa kwa njia hii mara nyingi kuliko watu, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali zaidi. Uzio wa chuma ulio hatua chache kutoka kwenye mnara uunganishwe na erthi ya kituo, na malango yake pia.

Fimbo ya radi iliyo juu ya mnara inafanya kazi gani?

Inapokea pigo badala ya antena na taa ya tahadhari. Haizuii radi na haipunguzi ukali wake. Fimbo ipite juu ya kila kilichofungwa kileleni, ili vitu hivyo viwe ndani ya mwavuli wa kinga yake. Kwa minara mirefu mwavuli huo una mipaka. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62305 hutumia tufe la kufikirika lenye nusu kipenyo cha mita 20 hadi 60, kulingana na daraja la kinga, linaloviringishwa juu ya jengo au mnara, na popote linapogusa ndipo radi inaweza kupiga. Kwa hiyo mnara mrefu unaweza kupigwa ubavuni, chini ya fimbo, na antena zilizofungwa katikati hazina uhakika wa kunusurika.

Katika mnara wa chuma hakuna haja ya kuteremsha waya wa shaba kutoka kwenye fimbo hadi chini. Chuma chenyewe ni kipitishio kipana kuliko waya wowote utakaonunua, mradi vipande vimefungwa kwa boliti zilizokazwa na fimbo imegusana na chuma kisicho na rangi.

Mita inaonyesha erthi yetu ni omu 2 tu. Kwa nini radi imeunguza mikisa ya studio?

Kati ya maswali yote, hili ndilo ningependa kila fundi alielewe, kwa sababu fedha nyingi hutumika kuitafuta namba ndogo ya omu, yaani kipimo cha ukinzani, huku kosa lenyewe likibaki palepale.

Tufanye hesabu. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000 katika pigo lake la kwanza. Ikipita kwenye erthi ya omu 10, volteji ya kituo itapanda hadi volti 300,000 kuliko ardhi ya mbali. Ukitumia mamilioni ya shilingi kuishusha erthi hadi omu 2, bado utapata volti 60,000. Hakuna mikisa wala kompyuta inayoweza kuhimili hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Kinachookoa vifaa ni kwamba volteji ya vyote ipande na kushuka pamoja. Ndege hutua kwenye waya wa umeme mkubwa bila kudhurika kwa kuwa miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, na kituo cha redio kinapaswa kuwa katika hali hiyohiyo.

Niliwahi kuitwa kwenye kituo kilichokuwa na erthi tatu: moja ya mnara, moja ya umeme wa jengo, na ya tatu, iliyoitwa "safi", ya vifaa vya sauti, iliyochimbiwa nyuma ya studio ili kuondoa mngurumo. Kila moja ilipimwa na kupatikana nzuri. Radi ilipopiga mnara, erthi ya mnara ilipanda, nyingine mbili zikabaki chini, na tofauti yote ikatafuta njia kupitia kebo ya sauti iliyounganisha transmita na mikisa. Mikisa iliungua upande wa kutolea sauti tu, na alama za moshi zilionyesha njia ya mkondo waziwazi. Tuliziunganisha erthi zote tatu kwa mkanda mnene uliozikwa, tukaleta nyaya zote kwenye baa moja ya shaba, na mngurumo uliokuwa ukihofiwa tukautibu kwa transfoma ndogo ya sauti, kifaa cha bei nafuu mno kuliko mikisa.

Basi kila chuma kinachoingia au kukaa kituoni kiunganishwe kwenye mfumo mmoja: mnara, nanga za nyaya zinazoushikilia, uzio, jenereta na tangi lake, fremu za paneli za jua, sahani ya setelaiti, mabomba ya maji, erthi ya umeme wa shirika, na kabati za vifaa. Erthi ya peke yake, hata ikiwa nzuri kiasi gani, ni hatari kwa kifaa kilichofungwa humo.

Pete ya erthi hujengwaje?

Chimba mtaro kuzunguka jengo, kina kisichopungua nusu mita na umbali wa takriban mita moja kutoka ukutani, ulaze mkanda au waya mtupu, kisha ufunge duara. Fanya vivyo hivyo kuzunguka msingi wa mnara, na uziunganishe pete hizo mbili kwa njia zaidi ya moja. Shaba iliyozikwa isipungue milimita za mraba 50. Mkanda wa chuma kilichopakwa zinki usipungue 90. Fimbo za wima huongezwa juu ya pete, na umbali kati ya fimbo mbili usiwe mfupi kuliko urefu wa fimbo yenyewe, kwani fimbo zilizobanana hugombania udongo uleule na nyongeza yake huwa ndogo.

Radi haipendi kona kali, kwa hiyo pinda waya kwa mviringo mpana na uuelekeze chini daima. Maungio yaliyozikwa yachomelewe. Njia bora ni ile ya kuwasha unga maalumu ndani ya kalibu ya grafiti hadi shaba iyeyuke na kuwa kipande kimoja na waya. Boliti zibaki kwenye maungio yaliyo juu ya ardhi, yanayoweza kukaguliwa.

Kituo chetu kiko juu ya mwamba, na fimbo haizami. Tufanye nini?

Anayefahamu vilima vya Mwanza anajua tatizo hili. Katika udongo wa mfinyanzi wenye ukinzani wa omu-mita 100, fimbo ya mita 3 yenye unene wa milimita 16 hutoa takriban omu 33. Katika ardhi ya omu-mita 1,000, fimbo ileile hutoa zaidi ya 330, na itale kavu huzidi hapo kwa mbali. Kutoboa mwamba na kuingiza fimbo moja ndefu ni gharama isiyolipa.

Tandaza badala ya kuchimba. Toa mikanda kadhaa kutoka kwenye mguu wa mnara kama miale, ukifuata mifuko ya udongo kati ya mawe, kila mmoja mita 20 hadi 30. Mikanda minne mifupi ni bora kuliko mmoja wa mita 100, kwa sababu mkondo wa radi hupanda kwa kasi mno na sehemu ya mbali ya mkanda mrefu huchelewa kushiriki. Tumia pia zege. Herbert Ufer, mhandisi wa Marekani, alionyesha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika jangwa la Arizona kwamba nondo zilizo ndani ya zege la msingi ni erthi nzuri, kwa kuwa zege hushika unyevu hata ardhi ikikauka. Kwa mnara mpya, hili halina gharama yoyote ya maana: funga nondo kwa kila mmoja na kwenye boliti za msingi kabla ya kumwaga zege. Baada ya hapo nafasi imepita.

Juu ya mwamba hata omu 10 huenda zisipatikane kamwe. Hapo umuhimu wa kuunganisha vyote pamoja huongezeka maradufu.

Chumvi na makaa vinafaa?

Vinashusha namba kwa msimu mmoja au miwili. Kisha mvua ya masika huisafirisha chumvi, nayo huwa imekwisha kula chuma na shaba iliyo karibu. Nimeshuhudia fimbo zilizong'olewa zikiwa nyembamba kama penseli. Udongo wa bentonaiti ni bora zaidi: hunyonya maji, huvimba, hushikilia fimbo na hauli chuma kwa kiasi hicho. Usiutumie mahali pakavu kabisa bila njia ya kuupatia maji, kwa sababu ukikauka husinyaa na kuachana na fimbo.

Kebo ya antena ifungwe erthi wapi?

Ganda la nje la kebo liunganishwe na mnara juu, karibu na antena, na tena chini kabisa, kabla kebo haijapinda kuelekea jengoni. Ikiwa mteremko unazidi mita 60 hivi, ongeza kiungo cha katikati. Kisha liunganishwe mara ya mwisho kwenye bamba la shaba ukutani, pale kebo inapoingia, na bamba hilo lifungwe kwenye pete ya nje kwa mkanda mpana na mfupi.

Kiungo cha chini ndicho kinachosahaulika, na sababu yake inafaa ielezwe. Mita moja ya waya ina uinduktansi, yaani tabia ya kupinga mkondo unaobadilika ghafla, wa takriban mikrohenri moja. Mkondo unaopanda kwa ampea 10,000 katika kila mikrosekunde huzalisha volti 10,000 katika kila mita ya waya huo, hata kama mita ya omu inasoma sifuri. Mnara, kwa upana wake, huwa na kiasi kidogo kuliko waya, lakini kebo inayouacha mnara mita 4 juu ya ardhi bado hubeba maelfu ya volti hadi ndani. Ishushe hadi chini kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, waya mrefu wa erthi uliozungushwa vizuri ukutani na kukunjwa ili upendeze ni kama haupo.

Ni bora bamba la ukutani liwe mlango mmoja wa vyote: kebo za antena, umeme, simu na intaneti viingie upande uleule wa jengo. Kebo ya mtandao kati ya studio na chumba cha mitambo ibadilishwe kuwa ya nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, mradi aina utakayonunua haina waya wa chuma wa kuiimarisha.

Kizuia msukumo wa umeme kiwekwe wapi, na cha aina gani?

Upande wa umeme, kituo chenye mnara kinahitaji kizuia cha daraja la kwanza pale umeme unapoingia, kwa kuwa hicho ndicho kilichojaribiwa kwa mkondo wa radi yenyewe, na cha daraja la pili karibu na vifaa. Nyaya zake, ukijumlisha wa laini na wa erthi, zisizidi nusu mita, la sivyo volteji ya nyaya itajumlishwa kwenye ile unayotaka kuizuia. Vingi vina kidirisha cha rangi ya kijani. Rangi ikibadilika, kimekwisha kujitoa mhanga na kinahitaji kubadilishwa. Stabilaiza ya kawaida haifanyi kazi hii.

Upande wa antena, vipo vizuia vyenye kidonge cha gesi. Chagua kwa kuangalia nguvu ya transmita: wati 1,000 kwenye kebo ya omu 50 ni kilele cha takriban volti 316, na zaidi ikiwa antena hailingani vizuri na kebo, hivyo kidonge cha volti 230 kitawaka kwa matangazo yenu wenyewe. Kwa kituo cha FM napendelea kipande cha kebo cha robo ya urefu wa wimbi, kilichounganishwa sambamba na kufungwa mwisho wake kwenye erthi. Kwa megahezi 98, robo hiyo ni takriban sentimita 76 hewani, na hupungua ndani ya kebo kulingana na aina yake. Matangazo hayakioni, ilhali radi, ambayo nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya chini, hukiona kuwa njia fupi kwenda ardhini. Hakina kitu cha kuchakaa.

Wezi huiba shaba. Tuna njia nyingine?

Ipo. Tumia mkanda wa chuma kilichopakwa zinki au waya wa chuma uliovikwa shaba, ambao hauna thamani kwa mnunuzi wa chakavu. Sehemu zinazobaki juu ya ardhi zifunikwe kwa zege au kuchomelewa. Mkanda wa zinki una faida ya pili: shaba haipaswi kufungwa moja kwa moja kwenye mnara wenye zinki, kwani maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hula zinki na baadaye chuma. Palipo lazima kukutanisha metali hizo mbili, weka klampu ya chuma cha pua au yenye bati katikati.

Erthi ipimwe vipi, na lini?

Pima mwishoni mwa kiangazi, wakati udongo ni mkavu kabisa. Namba ya wakati wa masika inafariji bila kusema ukweli. Tumia mita ya vijiti vitatu. Kijiti cha mkondo kiwe mbali angalau mara tano ya upana wa mfumo wako, na kijiti cha volteji kiwe kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Kisogeze mbele na nyuma kidogo. Usomaji usipobadilika sana, uamini. Mita ya kubana waya ni ya haraka, lakini ikibanwa kwenye pete hupima mzunguko wa chuma na kuonyesha sehemu ya omu, jambo ambalo limewadanganya wengi. Usifungue kiungo cha erthi kwa ajili ya kupima wakati wingu liko karibu.

Na mlingoti wa AM uliosimama juu ya kihami?

Huo una kanuni zake. Mlingoti wenyewe ndio antena na haugusi ardhi, kwa hiyo chini huwekwa pengo la cheche, ambalo mipira yake husogezwa hadi isiwake kwa matangazo lakini iwake kwa radi, pamoja na koili ya kumwaga chaji tuli. Nyaya zilizotandazwa ardhini kwa ajili ya mawimbi hutumika pia kama erthi ya radi.

Watangazaji wafanye nini ngurumo zikiwa juu?

Wavue vipokea sauti vya masikioni, wasiguse transmita wala kabati lake, na asiwepo mtu yeyote mnarani wala kando ya nyaya zake. Ikiwa muda kati ya mmweko na ngurumo haufiki sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Kazi ya nje ingoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kuzima swichi hakukingi kifaa, kwani radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haizuiwi na pengo la milimita chache. Kuchomoa umeme na kebo ya antena husaidia, lakini kufanywe kabla ya mvua, si wakati inaponguruma.

Kuna vifaa vinavyouzwa kwa madai ya kufukuza radi au kuiwahi mapema. Tununue?

Sishauri. IEC 62305 haivipi nafasi yoyote zaidi ya fimbo ya kawaida ya urefu uleule, na fedha hizo zitafaa zaidi kwenye pete na vizuia msukumo. Tahadhari moja: baadhi ya fimbo za zamani zilitiwa madini ya mnururisho kama radiamu au amerisiamu. Mkiikuta fimbo ya namna hiyo kwenye mnara wa zamani, msiishushe kwa mikono. Iarifuni mamlaka ya nguvu za atomiki ya nchi yenu.

Radi imepiga usiku. Tuanzie wapi asubuhi?

Msiwashe transmita kwanza. Angalieni vidirisha vya vizuia msukumo, kisha mkague viungo vya erthi kimoja kimoja, kuanzia bamba la ukutani hadi mguu wa mnara, mkitafuta weusi, boliti zilizolegea na waya uliokatika. Pimeni kebo na antena kwa kichanganuzi cha antena, au kwa kurusha nguvu ndogo kabisa huku mkitazama nguvu inayorudi. Maji huingia kupitia tundu dogo lililotobolewa na cheche, na athari yake huonekana wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amesahau ile radi. Ndipo mpandishe nguvu hatua kwa hatua, na muandike kwenye daftari la kituo tarehe, saa, kilichoungua na njia iliyopitiwa na mkondo. Daftari la namna hiyo likifikisha miaka mitatu, huonyesha mahali penye kasoro kuliko mita yoyote.